Mali Bila Daftari: Walimu wa Kushona wa Gee's Bend na Somo Lao kwa Mkulima wa Pamba



Mara baada ya malipo ya pamba, kina mama wanane walinijia ofisini. Walikuwa wamevunja kikoba chao na wanataka kununua vyerehani vitatu. Swali lao lilikuwa fupi: "Bwana shamba, mwalimu tumtafute wapi?" Nikawajibu haraka, kama tunavyojibu sisi watu wa ofisi: nendeni mjini mkatafute fundi mwenye cheti. Mama mmoja akaniuliza, "Na yule bibi yetu anayeshona mablanketi ya viraka, yeye hafai?" Nikacheka. Nikasema ile siyo fani, ni kuziba matundu tu.

Jibu lile limenikaa kooni mpaka leo. Mimi nina diploma ya kilimo, kushona sijui hata kutunga uzi kwenye sindano, lakini nilijiona naweza kumpima bibi aliyeshona miaka hamsini. Kilichoniumbua ni historia ya kijiji kimoja cha wakulima wa pamba huko Marekani, kiitwacho Gee's Bend. Leo basi tuweke kando viwavijeshi na bei ya mbegu. Nawasimulia habari za kina mama wa kijiji kile, jinsi walivyoingia kwenye kushona, jinsi walivyokuja kuwa walimu, na mahali ambapo ufundi peke yake haukuwatosha. Yapo humo mambo yanayotuhusu moja kwa moja, hasa sisi tunaokopa pembejeo na kulipa baada ya mavuno.

KIJIJI NDANI YA KONA YA MTO

Gee's Bend iko jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mto Alabama umejikunja pale kama kiwiko, ukazunguka kijiji pande tatu. Jina linatokana na Joseph Gee, mwenye mashamba aliyefika mwaka 1816 na watumwa wake kuanzisha shamba la pamba. Mwaka 1845 shamba likauzwa kwa mtu aitwaye Mark Pettway. Huyu alihamia na watumwa takriban 100 kutoka North Carolina, wakitembea kwa miguu. Ndiyo maana hadi leo watu wengi wa kijiji kile wanaitwa Pettway, hata kama hawana undugu wa damu. Ni jina la bwana aliyewamiliki.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini ardhi haikuwa yao. Wakabaki palepale kwa utaratibu wa kulima shamba la mtu na kugawana naye mazao. Mbegu, mbolea, unga na nguo walichukua kwa mkopo dukani, wakalipa pamba ikishavunwa. Mwenye duka ndiye aliyeandika, mwenye duka ndiye aliyepima, na mwenye duka ndiye aliyejumlisha. Mkulima mengi aliyaweka kichwani.

Mfanyabiashara msomaji wangu, najua unaifahamu mali kauli. Unachukua mzigo leo, unalipa ukiuza. Si vibaya, na biashara nyingi za vijijini zimeanza hivyo. Ila hapa tuone inavyokuwa pale daftari linapokuwa la upande mmoja.

MWAKA 1932: DUKA LILIPODAI

Mapema mwaka 1920 ratili moja ya pamba ilifikia senti 40 hivi za Marekani. Kufika mwaka 1932 ilikuwa imeporomoka hadi karibu senti 5. Mkulima aliyekopa bei ikiwa nzuri akawa anadaiwa deni ambalo pamba yake yote haiwezi kulifuta. Familia kama 60 za Gee's Bend zilikuwa zinadaiwa na mfanyabiashara mmoja wa mji wa Camden, ng'ambo ya mto.

Mfanyabiashara yule akafariki. Mwaka 1932 warithi wake wakataka deni lote kwa mpigo. Watu wakatumwa kijijini kukamata mali. Walichukua nyumbu na ng'ombe, majembe ya kukokotwa, mikokoteni, mahindi ghalani, viazi vitamu, kuku na nguruwe. Familia zikaingia kipupwe bila chakula na bila zana za msimu unaofuata. Msalaba Mwekundu ulilazimika kupeleka chakula ili watu wasife kwa njaa.

Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Gee's Bend daftari lilikuwepo, lakini lilikuwa mikononi mwa mdai. Mwenye kudaiwa alipokuja kuhesabiwa hakuwa na karatasi yake ya kulinganisha.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikuwa na thamani machoni pa wakamataji: matambara. Na humo ndimo kina mama walimokuwa na shule yao.

MWALIMU WA KWANZA NI BARIDI

Nyumba za Gee's Bend zilikuwa za magogo na mbao, zenye nyufa upepo unapita. Kuta zilibandikwa magazeti ili kuziba. Kipupwe cha Alabama si mchezo, na blanketi la dukani lilikuwa nje ya uwezo wao. Mama mwenye watoto wengi alihitaji mablanketi mengi, mengine ya kulalia, mengine ya kujifunika, mengine ya kutundika ukutani kuzuia upepo.

Blanketi la viraka lina tabaka tatu. Juu ni uso, yaani vipande vya nguo vilivyounganishwa. Katikati ni pamba. Chini ni bitana. Tabaka zote hushikizwa pamoja kwa mishono myembamba inayopita kutoka juu hadi chini, ili pamba isikimbilie upande mmoja. Kina mama wa Gee's Bend uso waliupata kwenye nguo kuukuu za shambani: suruali zilizotoboka magoti, mashati yaliyokatika makwapa, magauni yaliyopauka. Pamba waliokota ile iliyobaki shambani au iliyodondoka sakafuni kwenye kinu cha kuchambulia, wakaipiga kwa fimbo mpaka itawanyike sawasawa. Bitana ilikuwa magunia ya nguo ya unga, sukari na mbolea, yaliyofumuliwa na kufuliwa.

Uso mama aliushona peke yake, usiku au mvua inaponyesha. Kushikiza tabaka ilikuwa kazi ya wengi. Mavuno yakishaisha, majirani walizunguka fremu ya mbao iliyowambwa blanketi, kila mtu na sindano yake. Wasichana wadogo walitunga uzi kwenye sindano za wakubwa, wakaangalia, wakasikiliza. Baadaye walipewa vipande vyao. Hapakuwa na ubao wala cheti. Mtoto aliona, akajaribu, akakosea, akafumua.

Njia za kuingia kwenye fani hii zilitofautiana, na napenda mzione tatu.

Mary Lee Bendolph, aliyezaliwa mwaka 1935, alifundishwa na mama yake, Aolar Mosely. Naye binti yake, Essie, akawa mshonaji. Hapo fani ilipita kama mbegu ya asili, kutoka ghala la bibi hadi la mjukuu. Lucy Mingo naye alijifunza kwa mama yake, na binti yake akaendeleza.

Loretta Pettway, aliyezaliwa mwaka 1942, njia yake ilikuwa ngumu. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba kushona hakukupenda. Alikuwa na maisha mazito, hakuwa na watu wengi wa kumsaidia, na nyumba ilikuwa ya baridi. Alishona kwa sababu watoto lazima wafunikwe. Leo mablanketi yake ni miongoni mwa yanayosifiwa sana. Nimeliweka hili kwa makusudi, maana tunapenda kuwaambia vijana kwamba fani inataka kipaji na mapenzi. Wakati mwingine fani inaanza na shida tupu, mapenzi yanakuja baadaye au yasije kabisa, na kazi inakuwa nzuri vilevile.

Wa tatu ni Missouri Pettway. Mwaka 1942 alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za marehemu za kazi, suruali na mashati yaliyopaushwa na jua la shambani, akamwita binti yake Arlonzia, aliyekuwa bado kijana, amsaidie kuzichana. Akashona blanketi ili amkumbuke mumewe na ajifunike kwa hilo. Arlonzia akawa mshonaji mwenye jina, na mpaka uzeeni alikuwa akisimulia habari za blanketi lile. Msiba ulikuwa darasa, na mama aliyefiwa alikuwa mwalimu bila kujijua.

WATU WA KAZI KAMA YANGU WALIPOFIKA

Sisi maafisa ugani nasi tuna ukurasa katika historia hii. Alabama ndiko ilikokuwa Tuskegee, taasisi iliyoongozwa na Booker T. Washington, alikofundisha mtaalamu wa kilimo George Washington Carver. Mwaka 1906 Tuskegee walitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, wakalipakia zana na mbegu, likawa linazunguka vijijini kumfuata mkulima alipo. Mwaka huohuo Thomas Campbell akaajiriwa, akawa afisa ugani wa kwanza mweusi nchini Marekani. Baadaye gari la wanyama likawa lori, na pamoja na bwana shamba walipanda muuguzi na mtaalamu wa maarifa ya nyumbani. Kilimo, afya na kazi za nyumbani vilikwenda pamoja.

Gee's Bend yenyewe ilifikiwa na mpango wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt baada ya janga la 1932. Serikali ilinunua ardhi ya shamba lile la zamani, ikazikopesha familia, na miaka ya 1940 ikaziuzia kwa mikopo ya riba nafuu. Zikajengwa nyumba mpya, shule, duka la ushirika na kinu cha pamba. Wataalamu wa kilimo na wa maarifa ya nyumbani wakapangiwa kazi kijijini. Mwaka 1937 mpiga picha wa serikali, Arthur Rothstein, alipiga picha maisha ya pale, na katika picha moja anaonekana mama akishona blanketi la viraka na wasichana wawili wakiwa naye. Ukiiangalia picha ile unaliona darasa.

Jambo kubwa katika mpango ule lilikuwa ardhi. Waliokuwa wakilima shamba la mtu sasa walikuwa na hati zao. Miaka zaidi ya ishirini baadaye ndipo faida ya hati zile ilionekana wazi.

USHIRIKA WA MWAKA 1966

Miaka ya 1960 Wamarekani weusi wa kusini walidai haki ya kupiga kura. Wilcox, wilaya ambayo Gee's Bend imo, ilikuwa na weusi wengi kuliko weupe, lakini waliokwenda kujiandikisha walizuiwa. Mwaka 1962 kivuko cha kwenda Camden kilisimamishwa. Ng'ambo iliyokuwa ya dakika chache kwa maji ikawa safari ya zaidi ya saa moja kwa barabara, na wanakijiji hawakuhitaji kuelezwa sababu. Februari 1965 Martin Luther King alifika Gee's Bend kuwatia moyo. Sehemu za jirani, wakulima waliokuwa wakilima ardhi ya watu walifukuzwa kwa sababu ya kujiandikisha. Wenye hati zao hawakuweza kufukuzwa kirahisi hivyo.

Mwishoni mwa 1965 mchungaji mmoja wa Kianglikana, Francis Walter, alikuwa akizunguka wilaya ile kukusanya taarifa za watu waliodhulumiwa. Njiani akaona mablanketi ya viraka yameanikwa kwenye kamba ya nguo. Akapata wazo. Alinunua mablanketi kwa dola 10 kila moja, bei iliyozidi waliyozoea kupata, akayapeleka New York kupigwa mnada. Yakanunuliwa.

Machi 1966 kina mama wa wilaya ile wakakutana na kuunda ushirika uitwao Freedom Quilting Bee, yaani mkusanyiko wa washonaji wa uhuru. Msimamizi mkuu wa kazi akawa Estelle Witherspoon, mwanamke wa wilaya ileile. Mwaka 1967 ushirika wao ulikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirikisho la vyama vya ushirika vya kusini mwa Marekani. Mwaka 1969 walifungua jengo lao la kushonea kwenye ardhi waliyoinunua wenyewe, wakalipa jina la Martin Luther King aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Sehemu ya ardhi ile waliziuzia familia zilizofukuzwa kwa kudai kura. Wakaanzisha na kituo cha kulelea watoto ili mama afanye kazi akiwa na amani.

Tafadhali soma tena hapo. Viraka vilizaa jengo, ardhi, malezi ya watoto na makazi ya waliofukuzwa.

SOMO LA UBORA

Wanunuzi wa New York walivutiwa, na maduka makubwa yakaanza kuagiza. Hapo walimu wetu wakawa wanafunzi tena. Nyumbani mama alikata kwa jicho. Rangi ikiisha aliweka nyingine, upande ukipinda aliuacha upinde, na ndiyo ilikuwa raha yake. Duka la mjini halitaki hivyo. Likiagiza 50 linataka 50 zinazofanana, kipimo kilekile, mshono uleule, na tarehe ileile.

Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba na kampuni ya Sears, Roebuck wa kushona foronya za mito kwa kitambaa kizito cha mistari ya manyoya, kile tunachokiita kodroi. Ilikuwa kazi ya kiwandani, haikuwa na nafasi ya mtu kubuni. Wapo waliosema kazi ile iliua ubunifu. Lakini ilileta ujira wa uhakika katika mahali ambapo ajira hazikuwepo, na ikawazoesha wanawake kuwa na kipato chenye jina lao wenyewe. Mabaki ya kodroi nayo hayakutupwa. Yalikwenda nyumbani, na jioni yaligeuka mablanketi ya ubunifu wao, yenye rangi kali za wakati ule.

Hapa kuna busara kubwa kwa kikundi chochote. Walitenganisha kazi ya oda na kazi ya moyo. Mchana walishona anachotaka mnunuzi, jioni wanachotaka wao. Kimoja kilileta unga, kingine kilitunza fani.

JINA LILIPOKUWA KUBWA

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakusanyaji wa sanaa walifika Gee's Bend na kuanza kununua mablanketi ya zamani. Mwaka 2002 yakaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, kisha New York kwenye jumba la Whitney. Vitu vilivyoshonwa kuzuia baridi sasa vilitundikwa ukutani kama picha za wachoraji mashuhuri. Watu wakapanga foleni kuvitazama. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha za mablanketi 10 ya kijiji kile. Mwaka huohuo, kivuko kilichosimamishwa 1962 kikarudi. Miaka 44.

Lakini sifa ikaleta swali la zamani: nani ameandika nini? Michoro ya mablanketi ilitumika kwenye bidhaa mbalimbali za kuuza madukani, na mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai hawakulipwa haki yao na hawakuridhia ipasavyo matumizi ya kazi zao. Waliodaiwa walikana. Mwaka uliofuata kesi zilimalizwa kwa maelewano nje ya hukumu. Sipo hapa kuamua nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni hiki: watoto wa waliokamatiwa mali kwa sababu ya daftari la duka mwaka 1932 walijikuta tena, miaka 75 baadaye, wanabishana kuhusu karatasi.

Jambo jingine la kuwaambia kwa uaminifu ni kwamba ushirika ule wa 1966 haukudumu milele. Waanzilishi walizeeka, oda zikapungua, na mwaka 2012 ulifungwa. Kabla ya hapo, mwaka 2003, washonaji wa Gee's Bend walikuwa wameunda umoja wao mwingine wa kuuza wenyewe. Kikundi ni kama shamba. Ukivuna bila kupanda kizazi kipya, msimu mmoja utaamka hakuna kitu.

WALIMU WA LEO

Baadhi ya washonaji, kama Mary Ann Pettway na China Pettway, wamekuwa walimu kwa maana kamili. Wanaalikwa sehemu mbalimbali kufundisha, na wageni husafiri hadi kijijini kulipa ada na kukaa nao mezani. Wengi wa wageni hao wana vyerehani vya bei kubwa, rula na vitabu vya vipimo. Wanakuja kujifunza kukata bila rula, kwa mtu ambaye shule yake ilikuwa kukaa karibu na fremu ya mama yake.

Mwaka 2015 serikali ya Marekani, kupitia mfuko wake wa taifa wa sanaa, iliwapa Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway tuzo ya juu ya sanaa za jadi. Loretta yuleyule aliyesema kushona hakukupenda.

TUCHUKUE NINI KIJIJINI KWETU

Historia bila kazi ya mikono ni hadithi ya kulalia. Haya ndiyo ninayowashauri kina mama wa kikundi, na kila anayefikiria fani pembeni ya kilimo.

1. Mwalimu anza kumtafuta karibu. Fundi mwenye cheti ana mahali pake, hasa kwa kukata sare na kutumia mashine. Lakini anayejua kushona kwa mkono na ana subira ya kuonyesha ni hazina. Mwiteni, mlipeni, na msimwite kwa asante ya soda.

2. Ingieni kazini kwa msimu. Kina mama wa Gee's Bend walishikiza mablanketi mavuno yakishaisha. Msiache palizi kwa ajili ya cherehani. Tumieni miezi ya kiangazi.

3. Anzeni na mabaki. Kwa mafundi wa sokoni vipande vya vitenge na khanga hutupwa au huuzwa kwa bei ndogo. Pamba tunayo. Mtaji wa kwanza usiwe mkopo.

4. Pigeni hesabu kabla ya kutaja bei. Huu ni mfano tu: tuseme vipande ni shilingi 4,000, uzi 1,500 na bitana 6,000. Hiyo ni 11,500. Ikiwa kazi ni ya siku 4 na kila siku mnaithamini kwa 5,000, ongezeni 20,000. Jumla ni 31,500. Ukiuza kwa 20,000 hujapata 8,500 ya faida, umetoa siku zako karibu mbili na nusu bure. Wengi tunasahau kujihesabia siku.

5. Daftari liwe la pande mbili. Ukichukua mali kauli au pembejeo, andika kwako na mwenye duka aandike kwake, siku ileile, kiasi kilekile, na kila mmoja asaini daftari la mwenzake. Asiyejua kusoma aje na mtoto wa shule na aweke dole gumba. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika. Naye pia akifariki ghafla, daftari lako linawalinda watoto wake wasidanganywe.

6. Oda kubwa iwe kwenye karatasi. Idadi, kipimo, rangi, tarehe, bei, na malipo ya awali. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilishona sare za wanafunzi kwa ahadi ya mdomo. Sare zilivaliwa hadi zikapauka, wao wakiwa bado wanazungushwa. Vilevile, mtu akitaka kupiga picha kazi zenu atumie kwenye biashara yake, muulizeni itatumika wapi na mnalipwa nini, kisha muandike.

7. Sajilini kikundi halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Na tangu mwanzo kila mwanachama awe na kijana mmoja anayemfundisha.

MWISHO

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa yule bibi. Nilimsalimia shikamoo, nikamwomba radhi kwa maneno yangu, maana yalikuwa yamemfikia. Kijijini hakuna siri. Akanitolea blanketi lake la zamani. Akanionyesha kipande cha shati la marehemu mumewe, kipande cha khanga aliyopewa siku ya harusi, na kipande cha gunia la mbolea ambacho maandishi yake bado yanasomeka. Nikamuuliza amefundisha wangapi. Akafikiri, akasema hajawahi kumfundisha mtu, ila wajukuu wake wote wanajua.

Kikundi kitaanza naye baada ya kuvuna dengu. Vyerehani viwili badala ya vitatu, na fedha ya kile cha tatu ni ujira wake. Daftari la kwanza nimenunua mimi. Lina safu mbili, na bibi ndiye aliyeweka dole gumba ukurasa wa kwanza.

Wiki ijayo tunarudi shambani: jinsi ya kung'oa na kuteketeza masalia ya pamba kabla ya msimu. Kazi njema.